Kitalu cha mzee anayekuhoji kabla ya kukuuzia

Kitalu hiki kiko Arusha, upande wa Sakina, ukiwa unaelekea Ngaramtoni. Hakina jina. Kibao kimeandikwa MICHE YA MATUNDA NA MAUA, na chini yake kuna namba ya simu ambayo jua limeshaifuta nusu. Maua ya saluni yangu nayanunua hapo, na kwa kuwa wateja hawaishi kuniuliza nayatoa wapi, bora niandike mara moja niwe naelekeza watu hapa.

Kama unataka kushuka kwenye gari, kunyoosha kidole, kulipa na kuondoka, hapa hutapaweza. Mzee wa hapa hakuuzii mpaka akuhoji. Utamwamkia, ataitikia marahaba, kisha maswali yaanze: mmea utakaa ndani au nje? Dirisha linatazama wapi? Nani atamwagilia, wewe au dada wa kazi? Siku ya kwanza nilikuwa nimeshaikumbatia monstera, ile ya majani mapana yenye matundu. Nikamweleza kwamba saluni yangu iko Kijenge, ina dirisha moja tu, na draya za nywele zinavuma kutwa.

“Mwanangu, hii kwao ni msituni,” akasema, akaichukua mikononi mwangu na kuirudisha chini ya neti.

Kitalu chote kakipanga hivyo, kila mmea na kwao. Chini ya neti nyeusi ni wa misitu ya mvua. Monstera inatoka Amerika ya Kati, kwenye misitu ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, na huparamia miti mikubwa kwa mizizi inayotoka kwenye shina lenyewe. Hewa kavu ya draya ingekausha kingo za majani. Halafu akachukua mmea mwingine wa msitu huohuo, wenye majani yanayoishia kwenye ncha ndefu nyembamba, akalimwagia jani moja kikombe kizima cha maji. Maji yakakusanyika, yakateremkia kwenye ncha, yakadondoka, na baada ya muda mfupi jani lilikuwa karibu kavu. Kule kwao mvua haisubiri masika. Jani likikaa limelowa muda wote, ukungu na kuvu vinaanza kuota juu yake. Ncha ile ni mfereji.

Safu hiyohiyo kuna yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya. Watu huyadhania ya Ulaya kwa sababu huko ndiko yamejaa madirishani, kumbe asili yake ni kwetu, kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara na milima jirani. Ofisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyeyapeleka Ujerumani, na mwaka 1893 yakapewa jina la kisayansi la Saintpaulia kutokana na jina lake. Mzee anayauza shilingi 12,000 kopo moja. Mmea wa Tanga unauzwa Arusha kama bidhaa ya nje! Hapo sikubaliani naye na nilimwambia.

Upande wa ukuta wa mabati, juani kabisa, ndipo ninapopapenda. Kuna kaktasi, na kando yake kuna ndugu wa ile mimea ya miiba unayoiona njia ya Longido, minene, ya kijani, isiyo na majani ya maana. Vitalu vingi mjini vinaiuza yote kwa jina moja la kaktasi. Huyu hachanganyi. Alinionyesha kwa ncha ya kisu: ya kwetu ukiichoma inatoa maziwa, na miiba yake mingi hutoka miwili miwili, kaktasi karibu zote hazitoi maziwa ya namna hiyo, na miiba yake huota kwa fungu kutoka kwenye kidoti chenye manyoya kama pamba. Kaktasi karibu zote asili yake ni Amerika, hizi nyingine ni za Afrika, na hata ukoo hawana. Ila shida yao ilikuwa moja, wakaipatia dawa moja: jani likaachwa au likawa mwiba ili maji yasipotee, shina likabeba akiba ya maji na likachukua kazi ya jani. Kaktasi hata vitundu vyake vya kupumulia huvifungua usiku kwenye ubaridi, ikavuta hewa ya ukaa na kuihifadhi hadi jua lichomoze. Yale maziwa lakini usiyafanyie mchezo, yakiingia jichoni utajuta.

Waridi la jangwani liko hapohapo, lile lenye kitako kilichovimba. Kitako ndicho tangi la maji. Mzee anakumbusha kila mnunuzi kwamba utomvu wake ni sumu, Wahadzabe wa Eyasi huupaka kwenye mishale. Shubiri zikichanua pale mabatini, ndege aina ya chozi hawabanduki. Ua ni mrija mwekundu na mdomo wa ndege umepinda kiasi cha kuingia humo.

Nilipoondoka nilikuwa na yale majani marefu magumu yenye milia, ambayo kila ofisi ya mjini imeyapanga mapokezi. Asili yake ni Afrika, sehemu kavu, na draya hayaijali kabisa. Nilichukua na masale. Sisi Wachaga masale tunayajua ya mpakani na ya kuombea msamaha, lakini kwa mzee nilijifunza suala la maji. Masale ni ya chini ya miti mikubwa, ndiyo maana yanavumilia kona yenye mwanga hafifu, ila maji ya huku chini ya Meru yana floraidi nyingi, ileile inayotutia meno rangi ya kahawia. Kwenye masale inajikusanya kwenye ncha za majani na kuziunguza. Kinga maji ya mvua, akasema. Nimeweka ndoo nyuma ya saluni na majani mapya yanatoka safi.

Kuna siku dereva mmoja wa watalii alikuja kuulizia ile miti ya ajabu ya Kilimanjaro, inayoota juu kupita msitu, karibu na kambi ya Horombo. Mzee alicheka. Kwanza hifadhini huruhusiwi kung'oa kitu. Pili, ule mti umezoea baridi ya kugandisha kila usiku na jua kali kila mchana: majani yake yakifa hayadondoki, yanabaki yamelizunguka shina kama blanketi, na yale mabichi ya juu hujikunja usiku kukifunika kichipukizi. Ukiuleta Arusha mjini, blanketi la nini?

Sasa lawama. Mtu anayejua haya yote anawezaje kupanda kaktasi kwenye kiriba chenye udongo uleule mzito wa miche ya parachichi? Ukifika nyumbani ihamishe, changanya mchanga mwingi, la sivyo masika moja tu inaoza kuanzia chini. Bei hazijaandikwa popote, na nina hakika ukija na gari zinapanda. Mvua ikinyesha njia ya kuingia ni matope matupu, vaa viatu vya kufaa. Kuagiza kwa bodaboda sishauri, mmea wangu mmoja ulifika shina limevunjika na kila mtu akamrushia mwenzake lawama.

Nampa nyota nne. Nenda asubuhi, mchana huwa amelala na kijana wake anauza chochote kwa yeyote. Ukienda na mtoto, asiguse kitu upande wa mabati.