Jicho la tufe moja au la matabaka mawili?

Umechonga nahodha wa Lamu kwenye Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D, uso umekubali, lakini macho hayana uhai. Je, uliache tufe moja lililopakwa picha ya jicho?

Tufe moja ni jepesi, na kwenye mchezo wa simu silioni mpinzani. Udhaifu wake huonekana ubavuni: irisi, lile duara la rangi la jicho, hubaki bapa, kama imebandikwa.

Matabaka mawili yana kina. La ndani lina kipenyo cha milimita 24, na irisi ya milimita 12 iliyobonyea kidogo. La nje ni angavu, limetuna mbele ya irisi, kipeo cha kupinda mwanga 1.38. Hapa ndipo wengi hukwama: ganda la nje hutupa kivuli na irisi huwa nyeusi tii. Katika Cycles, injini ya Blender ya kutoa picha, lizimie kivuli kwenye mipangilio ya mwonekano. Kurenda, yaani kutoa picha ya mwisho, kutachukua muda zaidi, na kila ukigusa kope, hakikisha konea, yaani sehemu iliyotuna ya ganda la nje, haitokezi nje ya kope.

Nahodha akionekana mbali jahazini, tufe moja latosha. Akiwa karibu, jua la Shela likimpiga usoni, chagua matabaka mawili. Vyovyote vile, weka utepe mwembamba wa machozi ukingoni mwa kope la chini. Bila huo jicho huonekana kavu.