Katalesi na glutathioni peroksidesi: kipi kinailinda seli zaidi?

Dondoshea haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda, juu ya maini mabichi ya ng'ombe. Povu linafumka papo hapo. Hiyo ni kazi ya katalesi, kimeng'enya chenye chuma, kinachoivunja peroksaidi hiyo, ambayo ni sumu kwa seli, kuwa maji na oksijeni kabla haijazaa radikali huria, yaani molekuli kali zinazoharibu seli. Kasi yake inatisha, wala hakihitaji msaidizi. Ila katika seli nyingi kimejifungia ndani ya peroksisomu, vifuko vidogo vya seli, na hufaa zaidi sumu ikiwa nyingi.

Glutathioni peroksidesi haitoi povu. Hutumia madini ya seleniamu, na lazima ilishwe glutathioni, molekuli ndogo inayotengenezwa na seli, kila mara (gharama hiyo si ndogo), lakini hufika hadi ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, na hunasa hata sumu kidogo. Aina yake ya nne hutibu pia mafuta ya utando wa seli yaliyokwisha kuoksidishwa, jambo ambalo katalesi haiwezi.

Mimi naipa kura hii ya pili. Watu waliozaliwa bila katalesi, ambao daktari Takahara aliwaeleza huko Japani, wengi huishi vizuri, ingawa baadhi hupata vidonda vya fizi. Vijusi vya panya visivyo na ile aina ya nne hufia tumboni. Na ndama wanaokosa seleniamu malishoni hupata ugonjwa wa misuli myeupe.