AddressSanitizer ilinionyesha nilipojikwaa

Kwa miaka mingi ya kuandika programu kwa lugha ya C nilitegemea mtego nilioutengeneza mwenyewe: programu ikipokea ishara ya kufa, inaita backtrace(), inamwaga orodha ya miito (funksheni ipi iliita ipi) kwenye terminali, kisha inakata roho. Mtego huo naupenda hadi leo. Lakini mwezi uliopita ulinipotezea siku tatu nzima, na AddressSanitizer, chombo cha kompaila kinachokagua makosa ya kumbukumbu programu ikiwa inaendeshwa, ikanitoa shimoni kwa dakika chache.

Programu yenyewe husoma faili la majina, kila siku jipya, na kuandaa ripoti. Siku nyingi inamaliza salama. Siku nyingine inaanguka, na kila ikianguka orodha inaonyesha malloc(), funksheni ya kuomba kumbukumbu, iliyoitwa na funksheni ya kuchapa ripoti. Nikaipekua funksheni ile mstari kwa mstari, nikaiandika upya mara mbili. Haikuwa na kosa lolote. Wahenga walituambia tusiangalie tulipoangukia, tuangalie tulipojikwaa; mtego wangu ulijua pa kuangukia tu.

Nikaongeza -fsanitize=address -g kwenye amri ya kompaila, nikaijenga programu upya na kuilisha faili lililoiangusha. Ilisimama mapema mno, ripoti hata haijaanza. Ujumbe: heap-buffer-overflow, yaani kuvuka mpaka wa eneo la kumbukumbu lililoombwa; baiti 25 zimeandikwa kwenye eneo la baiti 24. Chini yake orodha mbili. Ya kwanza ilianza na strcpy, inayonakili maneno, iliyoitwa na nakili_jina, jina.c mstari wa 58, ikashuka hadi main. Ya pili ilisema eneo hilo liliombwa wapi: jina.c, mstari wa 57. Nikaufungua. malloc(strlen(jina)). strlen huhesabu herufi tu, nami nilisahau kuongeza 1 kwa ajili ya sifuri inayofunga neno.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kosa lilikuwa likivizia. Kwenye mashine ya biti 64, malloc ya glibc, maktaba ya C ya Linux, hutoa vipande vyenye nafasi ya baiti 24, 40, 56, na kuendelea kwa hatua ya 16. Jina la herufi 20 hubakiwa na nafasi, sifuri yake haimdhuru mtu. Jina la herufi 24 kamili hujaza kipande chote, na sifuri inaangukia pale panapotunzwa ukubwa wa kipande jirani. malloc inakuja kugundua baadaye sana, ikiwa mikononi mwa funksheni isiyo na hatia.

AddressSanitizer ina gharama zake. Programu inakwenda polepole, kama mara mbili ya muda wa kawaida, na inakula kumbukumbu nyingi, kwa hiyo ni chombo cha wakati wa majaribio. Haioni usomaji wa kumbukumbu ambayo haijapewa thamani. Kwa hilo tumia Valgrind, chombo kingine cha kukagua kumbukumbu, lakini usiviendeshe vyote viwili pamoja. Ongeza pia -fno-omit-frame-pointer ili orodha zisikatike njiani.

Mtego wa zamani nimeuacha kwenye programu inayokwenda kwa watumiaji. Ukiutengeneza wako, kuandika majina ya funksheni tumia backtrace_symbols_fd, wala si backtrace_symbols, maana hiyo ya pili huomba kumbukumbu kwa malloc, na huenda malloc ndiyo iliyoumia. Iite backtrace() mara moja mwanzoni mwa main, kwa sababu mwito wa kwanza unaweza kupakia maktaba nyingine. Unganisha kwa -rdynamic, la sivyo utapata anwani bila majina. Funksheni za static, zile zinazojulikana ndani ya faili lao tu, hazitapata majina hata hivyo. Anwani zake zipeleke kwa addr2line, inayogeuza anwani kuwa faili na mstari.

Jioni ileile niliendesha majaribio yetu yote ya zamani chini ya AddressSanitizer. Likatokea kosa jingine, heap-use-after-free, yaani kutumia kumbukumbu iliyokwisha achiliwa, safari hii na orodha tatu: kumbukumbu iliposomwa, ilipoachiliwa, ilipoombwa. Lilikuwa kwenye faili ambalo hatujaligusa kwa miaka minne. Nililirekebisha kabla sijalala.