Cheti rahisi cha uasili pale Manyovu: kinauvusha mzigo hadi wapi?

Kwa mfanyabiashara mdogo anayetoka Kigoma kwenda Burundi kupitia Manyovu, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina huduma moja iliyomlenga yeye hasa: cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Hakilipiwi. Kinagongwa mhuri na forodha pale mpakani, na bidhaa iliyozalishwa ndani ya jumuiya, iliyomo kwenye orodha ya pamoja na isiyozidi dola 2,000 kwa mzigo, haitozwi ushuru wa forodha ikifika Mugina, upande wa Burundi. Kwa kazi hiyo ni huduma nzuri sana. Anayezunguka njia za panya kukwepa ushuru ambao haupo anajitia hasara bure, maana mzigo ukikamatwa huko unahesabiwa magendo, hata kama ni maharage ya shambani kwake Kasulu.

Hesabu ya kikomo ifanyie sokoni. Gunia la maharage likithaminiwa dola 80, magunia 25 yamefika. Beba risiti ya manunuzi. Bila hiyo thamani itakadiriwa, na makadirio yakivuka kikomo unahamia utaratibu wa kawaida, wenye wakala wa forodha na gharama zake. Mawese ya Kigoma na chumvi ya Uvinza ni mali ya kwetu. Vitenge vya China si vya kwetu, hata vikiwa na risiti ya Kariakoo, kwa sababu kinachoangaliwa ni mahali kitu kilipozalishwa. Vikipanda gari moja na maharage, viorodheshwe peke yake.

Wengi wanakwama kwa kudhani cheti kimemaliza kila kitu. Kinaondoa ushuru wa forodha tu. Kodi za ndani za Burundi, afya ya mimea na viwango vya ubora viko palepale. Chukua mahindi. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo na kufungwa kabla hayajakauka hufanya ukungu ndani ya gunia, na sumukuvu ikishaingia haitoki kwa kuyaanika upya. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, wakati ushuru baina yao ulishaondolewa siku nyingi. Kwa hiyo anika juu ya turubai, pima unyevu kabla ya kushona magunia, na cheti cha afya ya mimea upate kabla gari halijapakiwa. Chumvi haidaiwi cheti hicho, ila itaulizwa madini joto.

Upande wa gari, angalia jina linalochanganya watu: kuna kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, na kuna kadi ya njano ya bima ya gari, ile ya COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika. Moja haifanyi kazi ya nyingine. Ukivuka, dereva anahamia upande wa kulia wa barabara.

Kwenye hela ndipo huduma hii inapokuacha kabisa. Ukiuza Burundi unalipwa faranga, na faranga ina bei mbili, ya benki na ya mtaani, zinazopishana sana. Faida ya magunia 25 inaweza kuyeyuka kwenye kubadilisha tu. Itifaki ya sarafu moja ilisainiwa 2013 kwa lengo la 2024. Mwaka huo umepita na sarafu haipo. Kubaliana na mnunuzi malipo ya shilingi kabla mzigo haujavuka.

Kwa wanaotumia Ziwa Tanganyika, jambo moja zaidi. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000, Burundi na Zambia zimo. Boti ya Mpulungu, bandari ya Zambia, na boti ya Kigoma zinaweza kutia nanga Bujumbura siku moja, kila moja na karatasi za jumuiya tofauti. Ukiambiwa cheti cha COMESA kinakufaa, mzigo wa Kigoma haumo.