Uzoefu wangu: huduma ya filamu za zamani za kijasusi inayowafuta waendesha pikipiki

Filamu inapofika mwisho katika huduma hii ya mtandaoni, picha hujikunja ghafla hadi kwenye kona ya skrini. Majina ya watu waliofanya kazi huendelea kupanda humo kwa herufi ndogo mno, hata aliyekaa karibu na runinga hawezi kuyasoma, na nafasi yote iliyobaki hufunikwa na tangazo la filamu inayofuata pamoja na sekunde zinazohesabiwa kurudi nyuma. Kipo kitufe cha kuirudisha picha katika ukubwa wake, lakini hujitokeza kwa muda mfupi sana, na rimoti ikichelewa kidogo kuitikia unajikuta umekwisha kuingizwa katika filamu nyingine. Mimi nililipia kifurushi cha mwezi kwa ajili ya mkusanyiko wao wa filamu za zamani za kijasusi, na ndani ya mkusanyiko huo nilizifuata pikipiki na watu waliozirusha. Kunikatia majina ni kunikatia nusu ya nilichokilipia.

Jambo lililonitoa kwenye uvumilivu lilitokea nilipotazama Tomorrow Never Dies ya mwaka 1997. Wapenzi wa filamu hizi wanaijua sehemu ninayoizungumzia: James Bond na mpelelezi wa Kichina, Wai Lin, wamefungwa pingu pamoja na wanakimbia kwa pikipiki moja katika mitaa ya Saigon, Vietnam, ingawa mitaa mingi tunayoiona ni ya Bangkok. Wanafika juu ya mapaa, helikopta inawasubiri katika uwazi wa mtaa, nao wanaruka kutoka paa moja hadi jingine wakipita juu yake. Pangaboi linalozunguka liliongezwa baadaye kwa kompyuta, lakini mruko ni wa kweli. Aliyeruka ni Mfaransa aitwaye Jean-Pierre Goy, na pikipiki aliyopewa ni BMW R1200C, chombo kizito kinachopita kilo 250, kilichoundwa ili mtu akae chini kwa starehe na kusafiri barabarani. Pikipiki za kurukia huwa nyepesi na zenye springi ndefu za kumeza kishindo cha kutua, na hii haina sifa hata moja kati ya hizo. Gurudumu la nyuma likishaachana na paa, mwendeshaji hubaki na vitu vichache tu vya kumsaidia: akikaza mafuta pua ya pikipiki inainuka, akikanyaga breki ya nyuma pua inashuka, na uzito wa mwili wake mwenyewe. Anayajua hayo yote, anayafanya kwa muda ambao sisi watazamaji hatujamaliza hata kuvuta pumzi, kisha sifa zote zinamwendea steringi.

Nilitaka kuliona jina lake likipita kwenye skrini, basi. Nikarudia mwisho wa filamu mara kadhaa, na kila mara nikarushwa kwenye filamu inayofuata. Nikaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu, nikieleza tatizo na kuuliza kama kuna sehemu katika mipangilio ya programu ambapo mtu anaweza kuzima tabia hiyo. Jibu la kwanza lilisema kwamba watazamaji wengi hawayahitaji majina hayo na kwamba hatua hiyo imewekwa kwa faida yangu. Nikajibu kwamba mimi nayahitaji, kwa sababu natafuta jina la mtu aliyeruka na pikipiki. Mhudumu akaniandikia hivi: "Kaka, filamu imeisha. Kwani aliyeruka si yule steringi mwenyewe?" Kabla sijamaliza kuandika jibu, ukaja ujumbe kwamba mazungumzo yamefungwa, ukifuatwa na ombi la kuwapa alama kwa huduma nzuri.

Sina ugomvi na kijana asiyemfahamu Jean-Pierre Goy. Hakuajiriwa kwa ajili hiyo, na huenda alikuwa na wateja wengine wengi wanaomsubiri. Ninachokilaumu ni kampuni inayouza filamu za aina hii, ikapandisha bei ya mkusanyiko kwa kuuita urithi wa sinema, halafu ikamfundisha mtu wake kwamba filamu imeisha pale steringi anapoondoka kwenye skrini.

Nilipoanza kuchunguza nikakuta mabaya zaidi. Katika ukurasa wa Thunderball ya mwaka 1965, maelezo yao yanasema kwamba mwigizaji Luciana Paluzzi anaendesha pikipiki ya rangi ya dhahabu na kulilipua gari la adui kwa makombora. Ni kweli kwamba mhusika wake, Fiona Volpe, ndiye anayefanya hivyo katika hadithi, na ni yeye anayevua helmeti na kuziachia zile nywele nyekundu, na ni yeye anayeisukuma pikipiki majini, jambo ambalo hadi leo linaniuma kwa sababu BSA Lightning si chombo cha kutupwa. Lakini aliyekuwa juu ya tandiko wakati pikipiki inakuja kwa kasi kutoka nyuma, inalisogelea gari na kufyatua, alikuwa Bill Ivy, Mwingereza mfupi wa kimo ambaye wakati huo alikuwa mwanamashindano wa kweli wa pikipiki. Sehemu ya mlipuko ilipigwa picha katika uwanja wa mbio wa Silverstone, mahali panapomfaa mtu kama yeye. Mtazame anavyojilaza juu ya tangi, mabega yametulia, pikipiki haiyumbi hata kidogo ilhali mbele yake kuna gari lililoandaliwa kulipuka. Huwezi kumfundisha mwigizaji utulivu huo katika wiki mbili za mazoezi.

Miaka miwili baada ya filamu hiyo, mwaka 1967, Ivy alikuwa bingwa wa dunia wa daraja la pikipiki za injini ya cc 125 akiwa na Yamaha. Mwezi Julai mwaka 1969 alifariki huko Sachsenring, Ujerumani Mashariki, wakati wa mazoezi, baada ya injini ya pikipiki yake ya Jawa kukwama. Jina lake halimo katika majina ya Thunderball. Zamani hizo, waliohatarisha maisha kwa niaba ya wengine waliandikwa kwa uchache mno, na hilo si kosa la huduma hii. Lakini kama filamu yenyewe haikumtaja, basi ukurasa wa maelezo ndio mahali pekee palipobaki pa kumtaja, na wao wameutumia kumpa mtu mwingine kazi yake.

Lazima niseme pia yaliyo mazuri, maana nisiposema nitakuwa sikutenda haki. Picha zimesafishwa vizuri sana. Katika The Spy Who Loved Me ya mwaka 1977, pale kigari cha pembeni cha pikipiki kinapochomoka kama kombora kwenye barabara za kisiwa cha Sardinia, kikakosa shabaha na kulipiga lori la magodoro, niliweza kuyaona manyoya yakitawanyika moja moja hewani, na vumbi la kona, na hali ya barabara yenyewe. Sauti ya injini imebaki ilivyokuwa, haikulainishwa. Filamu haikukwama hata mara moja, jambo ambalo kwa intaneti ya mtaani kwetu ni la kushukuru. Nilipofika hapo nilikuwa tayari kuwapa nyota nne, na hata kumwandikia tena yule mhudumu kwa maneno ya upole.

Kisha nikatazama For Your Eyes Only ya mwaka 1981, yenye zile pikipiki zilizofungwa misumari kwenye matairi zinazomkimbiza Bond kwenye theluji ya Cortina d'Ampezzo, Italia. Kazi ya vyombo vya moto katika filamu hiyo ilisimamiwa na Rémy Julienne, Mfaransa aliyeheshimiwa kuliko wengi katika fani hii, na kuendesha pikipiki kwa kasi hiyo kwenye mteremko wa barafu, huku mtu wa kuteleza kwa ski akipita mbele yako, ni jambo ambalo kosa la upana wa kiganja linavunja shingo. Katika upigaji picha wa filamu hiyohiyo, kijana wa Kiitaliano aitwaye Paolo Rigon alikufa kwenye njia ya barafu ya bobu, kile kigari cha kuteleza kwa kasi barafuni. Nilitaka kukaa kimya na kuyasoma majina yote hadi la mwisho. Skrini ikajikunja, sekunde zikaanza kuhesabiwa, na nikaletewa picha ya filamu ya vichekesho.

Hapo nyota nne zikafutika. Chuo cha sinema cha Marekani kimetangaza kwamba tuzo za Oscar zitakuwa na kundi la kazi za hatari katika filamu, kama hii mirukio, kuanzia sherehe ya mwaka 2028, ikiwa ni sherehe ya 100, baada ya wanaozifanya kazi hizo kuliomba kwa miongo mingi. Dunia inaanza kuwaandika, na huduma hii inatumia programu yake kuwafuta. Wala hawaombwi gharama kubwa: kitufe kimoja katika mipangilio kinachoacha filamu iende hadi mwisho wake, na mstari mmoja kwenye ukurasa wa Thunderball unaosema kwamba mwendeshaji alikuwa Bill Ivy.

Nilipoandika mwanzo wa maelezo haya niliweka nyota moja. Sasa nimeweka mbili, kwa ajili ya yule aliyezisafisha zile picha, ambaye bila shaka jina lake pia limo katika majina yasiyosomeka. Kifurushi changu kinakaribia kwisha na sijaamua kama nitalipia tena, kwa sababu GoldenEye bado sijaifikia, na humo kuna Jacques Malnuit akitoka na pikipiki kwenye ukingo wa mlima kule Uswisi akiifuata ndege. Wakirekebisha hata kitufe hicho kimoja, nitabadilisha alama hizi siku hiyohiyo.