Nimejifanyia wayaringi ya nyumba yangu hapa England, kaunsili nawapa nyota 4

Wadau mliopo huku mnaouliza kila siku kama mwenye nyumba anaruhusiwa kujisukia umeme mwenyewe, jibu ni ndiyo, anaruhusiwa, ila lazima upitie kaunsili, yaani halmashauri ya eneo lako. Mimi nimemaliza mwezi uliopita na naandika leo kabla hasira hazijaisha na raha haijapoa.

Nyumba yenyewe ni ya zamani, zile za kushikana na majirani kushoto na kulia. Waya nyekundu na nyeusi, fyuzi zile za kufunga kauzi ka shaba, na taa za juu hazina ethi kabisa. Rangi hizo huku zilipigwa stop kwenye kazi mpya tangu Machi 2006, sasa ni kahawia na bluu, kwa hiyo ukifungua swichi ukakutana na nyekundu ujue hapo hapajaguswa siku nyingi. Nikaita mafundi wawili waliosajiliwa wanipigie hesabu, yule wa bei chee akasema pauni 4,500. Jamani. Mimi nimesoma umeme VETA Tanga, cheti chenyewe huku hakinisaidii kitu niko zangu ghalani nabeba maboksi, lakini mikono haijasahau, nikasema hii naifanya mwenyewe, na vifaa vyote vimekula kama pauni 1,100 hivi.

Sasa sheria yao inaitwa Part P, ilianza 2005 (Scotland wana utaratibu wao, huko msinifuate mimi). England walilegeza mwaka 2013, siku hizi kuongeza soketi moja kwenye laini iliyopo humuulizi mtu, ila ukivuta sakiti mpya (laini nzima mpya kutoka boksi la breka), ukibadilisha boksi la breka au ukigusa eneo la karibu na bafu na shawa, lazima utoe taarifa. Ukisuka nyumba nzima umegusa yote matatu. Fundi aliyesajiliwa na NICEIC au NAPIT, mashirika yao ya kusajili mafundi umeme, anajithibitishia kazi yake mwenyewe na wewe unaletewa karatasi tu, sisi wengine tunatoa taarifa idara ya ukaguzi wa majengo ya kaunsili KABLA hatujaanza, tunalipa ada, wanakuja kuangalia. Mimi nimelipa pauni 340 na ndani yake mlikuwa na fundi wao wa kuja kupima, ila kila kaunsili ina bei zake, uliza vizuri hiyo ada inabeba nini.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya simu. Kaunsili yenyewe siitaji. Dada wa kwanza kaniambia mwenye nyumba haruhusiwi kabisa, nikate tamaa nitafute fundi. Wa pili kaniuliza namba ya usajili mara tatu, namwambia sina dada yangu, ndiyo maana napiga, anarudi palepale. Siku ya tatu nikaacha simu nikaandika barua pepe, nikaeleza kazi yote chumba kwa chumba na mchoro wa sakiti nilizochora kwa mkono nikaupiga picha, kesho yake nikajibiwa na mtu anayejua kazi, fomu hii hapa, lipa hapa, usifunike ukuta mpaka nije. Basi!

Na huyo mkaguzi ndiye nyota nne zote. Mzee wa makamo, kavua viatu mlangoni bila kuambiwa, kazunguka na tochi yake kimya kimya nikawa natoka jasho kama niko kwenye mtihani wa vitendo. Akasimama sebuleni akaonyesha kidole. Kulikuwa na taa ya ukutani ambayo nilikata kona, nikavuta waya mshazari kutoka kwenye swichi ili niokoe mita mbili. Akaniuliza, siku ukihama, mwenye nyumba mpya akitaka kutundika picha hapo atajuaje kuna waya? Kumbe kanuni yao ni kwamba waya ukizikwa ukutani kwa kina kisichofika milimita 50 upite wima au ulale sawa na swichi au soketi yake, au uwe ndani ya milimita 150 kutoka darini au kwenye kona ya ukuta, ili anayetoboa aweze kubahatisha ulipo. Aibu niliyoipata, maana VETA tulipigwa sana kuhusu kunyoosha paipu. Nikaung'oa, nikapita wima, akarudi wiki iliyofuata akapitisha.

Fundi wa kupima alikuja mwishoni plasta ikiwa imeshakauka. Kapiga mega (kipimo cha kuona kama ganda la waya halivujishi umeme) kwenye kila sakiti, kapima ethi, halafu RCD, ile inayokata umeme ukivujia mtu. Inatakiwa ikate ndani ya milisekunde 300, zangu zilikata kwa ishirini na kitu, nikatabasamu peke yangu jikoni. Nyumbani kwetu kipimo cha fundi wa mtaani ni kimoja tu, washa taa, imewaka? lete hela.

Vitu viwili vya kuwaambia kabla sijasahau. Boksi la breka nunua la chuma, ya plastiki ya kawaida huku majumbani hayafungwi tena kwenye kazi mpya tangu 2016 maana yalikuwa yanashika moto. Na ile fyuzi kubwa ya kabla ya mita, yenye sili, ni mali ya watu wa umeme, usiikate hata kama kijana fulani WhatsApp amekwambia ni dakika mbili tu, mimi niliwaomba wakaniwekea swichi ya kuzimia, nilisubiri wiki tatu lakini nimelala usingizi.

Cheti cha kukamilisha kazi kilikuja kwa barua pepe baada ya wiki mbili, ukurasa mmoja, hauna hata muhuri wa maana, ila ndio huo mwanasheria wa mnunuzi atakaouulizia siku nikiuza.

Sasa mama watoto anataka shawa ya umeme juu, na hiyo ni sakiti mpya, kwa hiyo tunaanza tena. Fomu nimeshatuma jana, simu safari hii sipigi.