Albamu za DGM: ipi ununue kwanza, ipi ifuate, na kwa CD, faili au santuri

Kundi la DGM la Roma limetoa albamu 12 za studio, kuanzia Change Direction ya 1997 hadi Endless ya 2024. Mtu anayetaka kulijua kundi hili hushawishika kuanza na ya kwanza na kufuata miaka. Usifanye hivyo. Herufi tatu za jina lake zinatokana na majina ya waliolianzisha mwaka 1994: Diego Reali kwenye gitaa, Gianfranco Tassella kwenye dramu na Maurizio Pariotti kwenye kinanda. Kufikia FrAme ya 2009 hakuna hata mmoja wa watatu hao aliyekuwa amebaki. Jina ni lilelile, lakini waliomo ndani na sauti yao ni wengine kabisa.

DGM linalosifiwa leo na wapenzi wa metali ya progresivu, yaani metali yenye nyimbo za muundo mgumu na mapigo yanayobadilika, ni la watu watano: Mark Basile anaimba, Simone Mularoni anapiga gitaa, Andrea Arcangeli besi, Emanuele Casali kinanda na Fabio Costantino dramu. Mularoni ndiye mhimili. Ana studio yake San Marino, Domination Studio, na huko ndiko sauti ya kundi inakochongwa. Ndiyo maana magitaa ya albamu hizi yamekaa mbele na mazito, lakini kila noti inasikika. Pesa yako ya kwanza iende kwenye kazi za watano hawa.

Mpangilio wetu

Namba moja ni The Passage ya 2016. Ndiyo albamu yao ya kwanza chini ya Frontiers, kampuni ya Napoli, na ndiyo inayoonyesha kila wanachokiweza kwa wakati mmoja. Inafunguliwa na "The Secret", wimbo uliogawanywa sehemu mbili, na humo utakuta mabadiliko ya mapigo, gitaa na kinanda vikijibizana kwa kasi, halafu kiitikio kipana ambacho hata mgeni wa metali anaweza kukifuata. Baada ya hapo inakuja "Animal", fupi na ya moja kwa moja. Kuna wageni wawili wa kuwatega sikio: Tom Englund wa Evergrey anaimba kwenye "Ghosts of Insanity", na Michael Romeo wa Symphony X anapiga gitaa kwenye "Dogma". Kama unamfahamu Romeo, utaelewa mara moja Mularoni ametokea shule gani, na pia wapi wanaachana: Romeo anapenda kupamba kwa okestra, Mularoni anarudi haraka kwenye wimbo. Ukinunua moja tu maishani, iwe hii.

Momentum ya 2013 inaifuata kwa karibu sana. Ni kali zaidi, haina upole mwingi, na inakwenda kasi karibu mwanzo hadi mwisho. Russell Allen, mwimbaji wa Symphony X, anashirikiana na Basile kwenye "Reason", wimbo unaofungua albamu. Ukisikiliza waimbaji hao wawili pamoja unagundua thamani ya Basile: ana ukali uleule wa kifua, lakini anaufikisha kwenye melodi bila kupiga kelele. Anayetoka kwenye metali nzito ya kawaida aanze na hii badala ya The Passage. Tatizo lake ni kwamba nyimbo zinafanana uzito, na kwa msikilizaji mpya zile za katikati zinaweza kuchanganyika. Sikiliza "Trust" na "Repay" kwanza. Zikikukamata, nunua bila kusita.

Ya tatu ni Tragic Separation, 2020. Muundo unaukaribia ule wa The Passage, ila viitikio vimekuwa vingi na vitamu zaidi. "Flesh and Blood" na "Surrender" zinatosha kukupa picha. Kwa anayependa wimbo wenye kushika kichwani kuliko mbio za vidole, hii inaweza kupanda hadi ya pili.

FrAme ya 2009 tumeiweka ya nne kwa sababu ya umuhimu wake. Ndipo Basile anasikika kwa mara ya kwanza kwenye albamu ya studio ya DGM, na "Hereafter" pamoja na "Brand New Blood" bado zina nguvu. Life ya 2023 ni ya tano. Imeandikwa vizuri, lakini haisemi jambo ambalo tatu za juu hazijalisema.

Endless ya 2024 hatuwezi kuipima kwa mizani hiyohiyo. Hapa kundi limepunguza ukali na kuelekea roki ya progresivu ya zamani: kuna filimbi, fidla na magitaa yasiyo ya umeme, na wimbo wa kufunga unapita dakika 14. Aliyezoea Momentum anaweza kuiona imepoa. Aliyekua na roki ndefu ya Italia ya miaka ya 1970 anaweza kuiona ndiyo bora kuliko zote. Kama uko upande huo wa pili, ichukue kwanza na uupuuze mpangilio wetu.

Za zamani zinahitaji subira. Different Shapes ya 2007 ni daraja: Mularoni ameshaingia, lakini mwimbaji bado ni Titta Tani. Kabla yake kuna Hidden Place ya 2003 na Misplaced ya 2004, zote zikiwa na Tani, halafu Dreamland ya 2001, Wings of Time ya 1999 na Change Direction. Uandishi wa albamu hizi ni mzuri kuliko sauti ya rekodi zake. Dramu ni nyembamba, kinanda kimetawala, gitaa limerudishwa nyuma. Kwa hiyo kabla ya kuzisaka moja moja, nunua Synthesis ya 2010, ambapo nyimbo za miaka hiyo zimerekodiwa upya na kundi jipya. Usiichukue kama mkusanyo wa kawaida wa nyimbo bora, kwa kuwa matoleo yaliyomo humo hayapo kwenye albamu za awali. Nyimbo zikikugusa, ndipo urudi kwenye asili, na uanze na Hidden Place.

Passing Stages ya 2017, albamu ya maonyesho ya jukwaani iliyorekodiwa Milano na Atlanta, ni ya aliyekwisha kuwa na angalau Momentum na The Passage. Ukitaka picha na si sauti tu, soma kasha kabla ya kulipa. Diski za DVD zenye msimbo wa kanda ya 2 ni za Ulaya, wakati mashine nyingi zilizouzwa Afrika ni za kanda ya 5. Tafuta iliyoandikwa 0 au "ALL". Kwa Blu-ray hakuna shida hiyo, Ulaya na Afrika zote ni kanda B.

CD, faili au santuri?

Kwa muziki huu, CD inashinda. Mpya kwa kawaida huuzwa kati ya euro 13 na 18, unapata kijitabu chenye mashairi na majina ya waliopiga, na unaweza kuinakili kwenye kompyuta bila kupoteza chochote. Unahitaji kisomea diski cha nje cha USB, maana kompyuta nyingi za sasa hazina. Tumia programu ya Exact Audio Copy kwenye Windows au XLD kwenye Mac, washa AccurateRip ili nakala yako ilinganishwe na za wengine, na uhifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayobana sauti bila kupoteza chochote. Wimbo mmoja ukikataa kulingana, futa diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kisha rudia wimbo huo peke yake.

Faili zinashika nafasi ya pili, na kwa anayekaa mbali na posta nzuri zinaweza kuwa za kwanza. Albamu ya saa moja kwa MP3 ya 320 (kilobiti kwa sekunde) ina takriban MB 145. Kwa FLAC ya ubora wa CD tarajia MB 420 hadi 480. Metali haibaniki sana kwa sababu sauti imejaa wakati wote. Usilipe zaidi kwa faili za biti 24, zile zinazouzwa kuwa za ubora kuliko CD yenye biti 16. Albamu za namna hii husukumwa juu kwenye hatua ya mwisho ya utengenezaji, tofauti kati ya sauti ndogo na sauti kubwa imeshapunguzwa, na biti za ziada haziirudishi. Unachopaswa kukikimbia ni MP3 za 128: visahani vya Costantino vinageuka mvumo usio na umbo, na pale dramu za miguu miwili zinapokwenda sambamba na gitaa la nyuzi saba husikii tena mguu uko wapi. Kubadilisha faili hiyo kuwa FLAC hakusaidii. Kinachoongezeka ni ukubwa tu.

Santuri ni ya mwisho, na sababu ni ya kifizikia. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 kwa mizunguko 33 unabeba vizuri dakika 18 hadi 22. Albamu za kundi hili nyingi huzidi dakika 50. Zikibanwa kwenye santuri moja, mifereji inakuwa myembamba, besi inapunguzwa na sauti yote inashuka. Zikitandazwa kwenye mbili, utageuza kila baada ya nyimbo mbili au tatu na kulipa karibu mara mbili ya CD. Isitoshe, karibu na lebo ya katikati sindano hupata shida kufuata sauti kali za juu, kwa hiyo wimbo wa mwisho wa kila upande, wenye visahani vingi na herufi "s" za mwimbaji, huchakaa masikioni kwanza. Ukiitaka kwa ajili ya jalada, sawa, lakini hesabu dakika na idadi ya diski kabla. Za zamani usihangaike nazo kwa santuri. Zitafute kwa CD.

Mitego ya kutafuta

Wa kwanza ni jina. Ukiandika DGM peke yake utaletewa Discipline Global Mobile, kampuni ya rekodi ya Robert Fripp wa kundi la roki la King Crimson, na rundo la rekodi zisizohusiana kabisa na Roma. Mtego wa pili ni majina ya albamu. Neal Morse naye ana Momentum, ya 2012, mwaka mmoja tu kabla ya hii, na maneno kama Life na Endless yanaleta kila kitu duniani. Andika jina la kundi, la albamu na la kampuni pamoja: Frontiers kwa kuanzia 2016, Scarlet kwa Momentum na FrAme. Kisha linganisha namba ya katalogi iliyo kwenye mgongo wa kasha na ile iliyochapwa kwenye diski yenyewe.

CD za mtumba za miaka ya mwanzo zinahitaji macho. Omba picha tatu: jalada la nyuma, upande wa chini wa diski, na duara dogo la ndani karibu na tundu. Diski ya kiwandani huwa na rangi ya fedha upande wa chini, na kwenye duara kuna namba iliyochongwa, mara nyingi pamoja na alama ya IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za rekodi. Ikiwa chini ni kijani au samawati, hiyo imechomwa kwenye kompyuta, hata kama jalada limechapwa vizuri namna gani. Mikwaruzo myepesi upande wa chini haitishi. Inayoua ni ya upande wa juu, wenye maandishi, kwa kuwa tabaka la kuakisi mwanga liko chini kidogo tu ya wino. Muuzaji ainue diski mbele ya taa: vidoa vya mwanga vinavyopenya ni matundu, na hapo wimbo utaruka.

Gharama ya posta ndiyo inayoharibu bei nzuri. CD moja kwenye kasha la plastiki ina takriban gramu 100, na kasha hilo hupasuka safarini mara kwa mara. Mwombe muuzaji aitoe diski kwenye kishikio cha katikati na kuiweka kwenye mfuko wa karatasi ndani ya kasha; meno ya kishikio yakivunjika, hayataichubua. Agiza mbili au tatu kwa pamoja, maana posta hupanda kwa ngazi za uzito na si kwa idadi. Italia hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 22, na anayetuma nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kuiondoa, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Ukipokelea Kenya jiandae kwa VAT ya asilimia 16, Tanzania Bara 18, pamoja na ushuru utakaokadiriwa na forodha. Andika thamani halisi kwenye fomu. Kifurushi chenye thamani ya uongo kikishikwa, faini na muda vinazidi bei ya albamu.

Mwenye bajeti ya CD mbili achukue The Passage na Momentum kwa agizo moja. Mwenye tatu aongeze Tragic Separation, au Endless kama anapenda nyimbo ndefu. Wa Pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, ahifadhi kasha wima mbali na ukuta wa nje, na kila baada ya miezi michache atoe vijitabu na kuvifungua. Unyevu hugandisha kurasa zenye kung'aa, na zikishagandana haziachani bila kuchanika.